Masale ya Uwanjani

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili nilipewa mwaka jana na nesi wa zahanati ya kambi, niwe naandika Dotto amenyonya mara ngapi, maana alizaliwa mdogo mno. Sasa ana miezi minane, ana meno mawili na anauma. Hana haja tena ya kuandikwa. Kurasa zimebaki nyingi na mimi sipendi kutupa kitu, kwa hiyo nitaandika mengine.

La leo ni hili. Mtendaji amepita kutangaza kwamba kambi ya ndege za jeshi kule bondeni, ambayo sisi tunaiita Uwanjani, inafungwa. Mwisho tarehe thelathini na moja Mei. Wanajeshi wanahamishwa, zahanati yao inaondoka nao, na eneo lote litakuwa shamba la mbegu za mahindi. Wenye makaburi ya wazee wao ndani ya uzio waende wakayaonyeshe. Kaburi litakaloandikwa, trekta halitapita hapo. Lisiloandikwa litalimwa.

Baba mkwe alikuwa amekaa barazani na tasbihi yake. Baadaye, nilipokuwa nakoroga uji wa futari, nikasikia anauliza, "Mama Dotto, kutoka sasa hadi mwisho wa Mei ni Ijumaa ngapi?"

Jumatano, 12 Machi

Mvua kubwa ya kwanza. Kuni zimelowa. Futari imechelewa.

Ijumaa, 14 Machi

Athumani amekuja, kesho anaondoka. Mume wangu ni utingo wa lori la mboga, namwona mara mbili kwa mwezi. Baba akamweleza habari ya kaburi. Athumani akasema, "Baba, kazi yangu hainipi nafasi. Mama Dotto atakupeleka."

Hakuna aliyeniuliza. Nina kabichi za kupalilia, nina mtoto mgongoni, nina mzee asiyeona, na mteremko wa kwenda Uwanjani ni saa mbili kwa mtu mwenye macho yake.

Jumapili, 16 Machi

Nimemuuliza baba ni kaburi la nani. Miaka minne nimeolewa nyumba hii na sikuwahi kuuliza.

Ni la mama yake, Mwanahamisi. Alifariki baba akiwa na miaka minane. Wakati ule ukoo wote ulikaa bondeni, pale pale palipo Uwanjani. Miaka miwili baadaye wakaja wanajeshi na malori, wakasema pandeni mlimani, hapa patajengwa uwanja wa ndege. Baba anasema hawakuwa wabaya. Walisaidia kubeba mitungi na mawe ya kusagia, na mmoja alimbeba yeye begani hadi nusu ya njia. "Lakini wafu hawakupandishwa lorini," akasema.

Kaburini mumewe alikuwa amepanda mmea wa sale. Sote huku tunayapanda masale kichwani kwa kaburi na kwenye mipaka, kwa sababu sale halifi. Ukilikata linachipua, ukilichoma linachipua. Baba alipokuwa na macho, kila Ijumaa baada ya swala alikwenda ukingoni akatazama chini. Aliona ndege zikishuka na kupaa. Wakati wa vita vya Kagera zilikuwa nyingi hadi ng'ombe waliacha kushtuka. Baadaye zikapungua, ikawa moja ya kila Alhamisi, na watu huku wakaifanya saa. Na pembeni ya njia ya ndege aliona kitu cha kijani. Akajua ni sale la mama yake. Kisha presha ya macho ikamchukua, huu mwaka wa sita.

"Nataka liandikwe," akasema. "Basi. Sitaki afukuliwe, sitaki fidia. Nataka aandikwe kwamba yupo."

Nikamwambia tutakwenda baada ya Idi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau bila nyama ya kutosha. Dotto amevaa gauni la manjano, kalitapikia kabla ya saa tatu.

Jumanne, 8 Aprili

Leo tumekwenda. Naandika nikiwa nimeloa hadi mifupa, na kuna jambo nitaliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema.

Tuliondoka baada ya alfajiri. Mkwe hashikwi mkono, kwa hiyo tunatumia fimbo: mimi nashika ncha ya mbele, yeye ya nyuma. Nikisimama anasimama. Penye utelezi nasema "jiwe" au "mzizi." Dotto mgongoni alikuwa na homa tangu jana, analia kilio kile kisichonyamaza. Mvua ilitukamata katikati ya mteremko. Baba alianguka mara mbili, na mara ya pili alikaa matopeni akacheka, akasema, "Mama anataka nifike nimeoga."

Getini alitupokea binti wa kamati ya makaburi anayeandika majina, anaitwa Yusta, na mwavuli wake umevunjika. Akasema tufanye haraka, nyuma yetu kuna familia kumi na moja.

Baba akanipa maelekezo niliyoyasikia wiki nzima. Sale lenye vigogo vitatu, peke yake, mkono wa kulia wa njia ya ndege ukiupa mlima mgongo. Mimi nikatazama; kabichi huwa napeleka kwa mlango wa jikoni, upande huu sikuwahi kuufikia. Hakukuwa na sale peke yake. Kulikuwa na masale mia mbili, mia tatu, yamepangwa mstari kama wanajeshi kwenye gwaride, kulia na kushoto, tangu getini hadi mwisho. Kila moja lina vigogo vitatu, vinne, vitano.

Nikatembea na fimbo, baba nyuma. Dotto analia. Maji yanaingia kwenye viatu. Yusta anatazama simu.

"Umeliona?" baba akauliza.

"Bado, baba."

Hatua ishirini. "Umeliona?"

Nikasema, "Nimeliona. Hili hapa."

Lilikuwa sale lolote. Nikaisogeza fimbo hadi vidole vyake vikagusa jani. Akalishika lile jani kama mtu anayepima kitambaa, toka shinani hadi nchani. Kisha akavua kofia mvuani, akalia bila sauti. Yusta akapiga rangi nyekundu kwenye kigogo, akaandika: Mwanahamisi, mama wa Kassimu, alama sale.

Njia yote ya kurudi alikuwa mwepesi kuliko mimi.

Jumatano, 9 Aprili

Homa ya Dotto imeshuka. Baba amemsimulia kila aliyepita barabarani.

Ijumaa, 11 Aprili

Msikitini wamemsomea Mwanahamisi dua. Amerudi na tende ndani ya kofia, akanipa mimi zote. "Za macho yako," akasema. Sikuweza kuzila.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimepeleka kabichi jikoni kwa kambi. Ni kama mara ya mwisho, jiko lenyewe limebaki na sufuria mbili. Banda la ndege liko wazi na ndani hakuna kitu isipokuwa popo. Kwenye zahanati wameshang'oa hata mzani. Nilisimama pale mlangoni. Mwezi wa Julai gari la kambi lilipanda mlima saa nane mchana kunifuata mimi, raia, na dereva alikuwa ananiambia "shemeji, vumilia, kona moja tu," na kona zilikuwa hamsini. Kulwa, pacha aliyetangulia, walimtoa hai, akaishi kwa saa tatu tu. Dotto wakampasha joto kwa chupa za maji ndani ya koti la mwanajeshi. Watu wakisema kambi ifungwe haraka, mimi huwa nanyamaza.

Aliyepokea kabichi ni Sajini Zabron. Ni mstaafu wa miaka sitini na zaidi, Mshambaa wa Mlalo, wamembakiza alinde hadi siku ya mwisho. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, kisha akaniuliza mzee anaendeleaje. Nikasema anafurahi, kaburi limeandikwa, lile sale la rangi nyekundu.

Akaweka kabichi chini.

"Mama Dotto, masale yale ni mimi."

Sikuelewa. Akavuta kreti tukae.

"Mwaka themanini na sita waliirefusha njia ya ndege kuelekea mlimani," akasema. "Mimi kijana, ndiyo kwanza nimeajiriwa. Mkubwa akasema ng'oa kila kitu, sawazisha. Wenzangu watu wa mbali, wao wanaona majani. Mimi naona makaburi. Lakini amri ni amri. Nikang'oa. Sasa sale umeling'oa, utalitupa wapi? Kwetu Mlalo mtu akitupa sale la kaburi hata mke hampakulii. Nikawa nayabeba jioni, moja moja, nayapanda pembeni. Nilijua naokoa."

"Kisha?"

"Kisha yakashika. Mkubwa akayaona, akapenda ule mstari. Akasema jaza nafasi. Kila masika nikakata vipande nikapanda, miaka thelathini. Sasa hata mimi sijui lipi la kaburi na lipi la afande."

"Na makaburi yenyewe?"

Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye njia ya ndege, ile changarawe ndefu ya kijivu, pana kama mto.

Nikapanda mlima na kapu tupu, na lilikuwa zito kuliko lilivyokuwa limejaa.

Jumapili, 20 Aprili

Sikulala vizuri. Nimepanda maharage.

Jumatano, 23 Aprili

Maharage. Mvua. Nepi hazikauki.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo bombani Eliza alinisubiri. Eliza ni jirani wa ng'ambo ya kijito, kwao ni Walutheri, watu wema, ila ulimi wake una makali ya panga.

"Mama Dotto, hebu nieleze. Lile sale lenu la rangi nyekundu, baba yangu anasema ndilo la babu yetu Benjamini. Kwa hiyo bibi yenu na babu yetu wamelala kitanda kimoja?"

Wanawake wakacheka hadi ndoo zikamwagika. Mmoja akasema, "Na yeye alikuwa mzee wa kanisa." Mwingine akasema, "Ndiyo maana jeshi liliwazungushia uzio."

Na mimi nikacheka. Ningefanya nini? Nikajitwika ndoo nikaondoka.

Si wao tu. Kila familia imekwenda na kila familia imeona sale. Yusta ana majina sitini na tatu.

Ijumaa, 9 Mei

Kamati imekaa na wazee. Wamesema hawana namna ya kujua, na kufukua hawataki. Penye madai mawili, mzee wa kila upande ataapa mbele ya watu. Baba ataapa kwa msahafu, baba yake Eliza kwa Biblia. Ijumaa ijayo.

Baba amerudi ametulia kabisa. "Nitaapa," akaniambia. "Sina wasiwasi. Wengine wanasema waliambiwa na nani, waliota nini. Mimi mkwe wangu ameliona kwa macho yake."

Jumanne, 13 Mei

Nimempigia Athumani nikamweleza yote. Nasikia lori linanguruma.

"Nyamaza tu, mama Dotto. Mzee ana furaha. Muache afe nayo."

"Ataapa, Athumani. Atashika msahafu aape uongo wangu."

"Hajui kuwa ni uongo. Mungu hamhesabii."

"Mimi atanihesabia."

"Wewe ulikuwa umechoka. Kila mtu anajua unavyochoka."

Nikamwambia kuchoka si ruhusa. Akasema haya, fanya unavyoona, na salio likaisha.

Mvua haikati. Kabichi zinaoza mashina.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwambia.

Ilikuwa baada ya alasiri. Baba anapukuchua maharage makavu kwenye ungo, vidole vyake vinaona kuliko macho yangu. Nilimlaza Dotto kwanza ili nisiwe na pa kukimbilia. Nikapiga magoti pembeni, mbali kidogo.

"Baba, nina neno."

"Sema, mwanangu."

"Lile sale si la mama. Sikuliona. Yalikuwa mengi, mvua inanyesha, mtoto ana homa. Nikasema nimeliona ili turudi nyumbani."

Vidole vikasimama. Nikamweleza na ya Sajini Zabron, yote, hadi njia ya ndege. Maharage mawili yalianguka ungoni, nikayasikia.

"Ulikuwa umechoka," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mimi nimechoka miaka hamsini na tano. Sijamwonyesha mtu kaburi la uongo."

Akainuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani. Chakula cha jioni nilikiweka mlangoni. Kimebaki pale pale.

Nyuma ya nyumba, chini ya mgomba wa pili, yupo Kulwa. Hakuna jiwe, ni sale dogo tu. Hata gizani naweza kuweka kiganja juu yake bila kukosea. Nilijiuliza leo: mtu akinihamishia lile sale, hata mita mbili, kwa wema, au kwa uchovu? Ningemsamehe baada ya muda gani?

Ijumaa, 16 Mei

Alikwenda msikitini peke yake kwa kufuata ukuta na ua wa watu. Hakutaka fimbo.

Habari nimezipata kwa Eliza, alikuja mwenyewe hadi jikoni, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Anasema kwenye mkutano, baada ya swala, baba alipoitwa kuapa alisimama akasema: "Naondoa dai langu. Si kaburi la mama yangu. Macho yangu yalinidanganya."

"Watu wakacheka," Eliza akasema. "Kipofu anasema macho yamemdanganya. Mtendaji akamwambia, mzee, macho gani? Akajibu, haya haya niliyonayo. Akakaa." Kisha Eliza akanitazama. "Baba yangu naye akaondoa. Amesema kama Kassimu hana hakika, na yeye hana. Baada yake wakasimama wengine, kama kumi hivi."

Baba hakunitaja. Mbele ya wanaume wote wa kijiji amejibebesha kosa langu.

Niliwahi kuandika kwenye daftari hili, nadhani mwezi wa tatu, kwamba nina mzee asiyeona, kama mtu anavyosema nina mzigo wa kuni. Sitafuti ukurasa huo kuufuta. Ubaki.

Jumatatu, 19 Mei

Siku hizi baba anakula kwa jirani. Maji yake ya kuoga naweka, anaoga. Hatuongei.

Jumatano, 21 Mei

Sajini Zabron amepanda mlima. Nilimtumia salamu, sikudhani atakuja. Alikuja na suruali ya jeshi iliyofifia na viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Onga mshi," akasema mlangoni, salamu yetu ya mchana. Baba akamjibu kwa Kishambaa hicho hicho, akamuuliza wa wapi, ukoo gani. Wakaongea kwa lugha yetu muda mrefu, mimi nikiwa jikoni na mlango wazi. Sitaandika yote.

Zabron alisema, "Nimekuja kukuomba radhi, kaka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili."

Baba akauliza, "Ulipokuwa unayang'oa, ulisema chochote?"

"Nilisema, mnisamehe, nawasogeza kidogo tu."

Baba akasema, "Basi ulizungumza nao. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa natazama majani ya afande, sikusema nao lolote."

Akaniita nilete chai. Vikombe viwili, nikaweka. Akasema, "Na chako." Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Alhamisi.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imepungua. Dotto amesimama mwenyewe, akashangaa, akakaa.

Jumatatu, 26 Mei

Baba ameuliza kama njia ya Uwanjani imekauka. Nikasema karibu. Akasema, "Jumamosi basi." Fimbo ameipaka mafuta.

Jumamosi, 31 Mei

Tulifika saa nne. Watu wengi, wote wa huku juu, wamesimama uzioni kana kwamba ni arusi. Bendera ikashushwa. Wanajeshi waliobaki hawazidi ishirini, na yule dereva wa gari la wagonjwa alikuwemo. Akamwona Dotto, akampima kwa macho, akasema, "Shemeji, kumbe kona zile zilikuwa na faida." Nikampa mtoto ambebe.

Ndege ya mwisho ilikuwa ndogo, ya kijani. Ilikimbia kwenye changarawe, ikapaa, ikazunguka mara moja juu ya mlima wetu, ikaelekea kusini. Baba aliifuata kwa uso hadi sauti ikaisha. Geti likaachwa wazi, hakuna aliyelilinda. Zabron alikuwa ameshavua kofia.

Yusta alikuja na karatasi zake. Akatueleza kwamba njia ya ndege haitalimwa, imeshindiliwa mno, jembe la trekta haliingii. Itakuwa pa kuanikia mahindi ya mbegu.

"Mahindi?" baba akauliza.

"Ndiyo, mzee. Samahani."

"Usiombe samahani. Mama alikuwa anaanika hapo hapo."

Yusta akauliza aandike nini, maana jina bado liko kwenye orodha na alama imefutwa. Baba akageukia nilipo. Nikasema, "Andika: mahali halisi hapajulikani. Yumo." Akaandika. Nikamwomba anisomee, akanisomea.

Kisha baba akavua viatu, akanyoosha fimbo. Nikashika ncha ya mbele. Dotto mgongoni amelala. Tukaanza tangu mwisho wa upande wa mlima, taratibu, baba anasoma Yasini kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na mwenyeji wake. Changarawe ilikuwa kali. Nilimwambia avae viatu, akakataa. Watu walituona, hakuna aliyetufuata isipokuwa Zabron, naye alibaki pembeni kwenye masale yake. Jua lilikuwa la kwanza baada ya miezi miwili na nusu. Nilihesabu hatua mwanzoni, nikaacha.

Tulipofika mwisho nikasimama, naye akasimama.

"Ndio mwisho?"

"Ndio mwisho, baba."

"Basi mahali fulani tumempita."

"Tumempita."

Akafikiri. Jasho linamtiririka. "Njia hii ina upana gani?"

Nikatazama. Upana wake ni kama nyumba tano kwa pamoja, na sisi tulikuwa tumeshika ukingo mmoja. Miguu yangu ilikuwa inawaka, na mtoto alikuwa ameanza kuamka. Ningeweza kusema ni nyembamba.

"Ni pana, baba. Tumepita upande mmoja tu."

"Umechoka?"

"Nimechoka."

"Na mimi," akasema, akaisogeza fimbo upande wa pili. Nikageuka, nikaishika, tukarudi.